Usiseme Amina

Mkononuru ulishuka kutoka darini ukiwa na vidole vitano vyembamba, na kila kidole kilitoa mwanga badala ya kisu. Katika zahanati ya wanyama ya jiji jipya la Mbeya, mashine hiyo ilikata na kuunga nyama bila kumwaga damu. Mgonjwa wake siku hiyo alikuwa Duma, mbwa jike mzee ambaye kizazi chake kilijaa usaha. Kama kisingetolewa asubuhi ile, angekufa.

"Moyo wake umechoka," Daktari Ambwene alimweleza mwenye mbwa, Bi Tusekile. "Dawa ya usingizi itamuua. Nitatumia wimbiganzi, mawimbi yanayotia ganzi tumboni tu. Atakuwa macho, lakini hatasikia maumivu. Ila lazima atulie. Akiinuka tumbo likiwa wazi, tumempoteza."

Duma alitetemeka, akajaribu kushuka mezani.

"Ongea naye, Mama. Anaijua sauti yako."

"Niongee naye nini? Mimi na mbwa hatuna mazungumzo, Daktari. Namwambia toka, anatoka."

"Basi mwambie chochote anachokisikia kila siku, isipokuwa toka."

Bi Tusekile alifikiri. Kila alfajiri alisali barazani, Duma akiwa amelala miguuni pake. Akafumba macho. "Baba, tunakushukuru kwa kutuamsha salama."

Duma akalaza kichwa. Kwenye kioo cha mashine, mapigo ya moyo yakapungua. Mkononuru ukaanza kazi.

Aliwaombea wanawe, wajukuu, na mwalimu wa kwaya mwenye kikohozi. Akavuta pumzi. "Haya yote tunaomba katika jina la..."

Duma akasimamisha masikio na kukunja miguu ya mbele. Vidole vya mwanga vikasita.

"Kuna nini?" daktari aliuliza.

"Nikisema amina nampa uji," Bi Tusekile alinong'ona. "Anajua imekaribia."

"Basi usiseme amina. Ombea wengine."

"Nimewamaliza."

"Watu wote wa Mbeya, Mama?"

Akaendelea. Aliwaombea majirani, hata yule mwenye redio. Aliviombea vidole vya mashine. Alimwombea daktari apate mke mwema. Daktari akasema mke anaye, naye akaomba basi huyohuyo azidi kuwa mwema. Duma alisinzia. Kizazi kikatoka salama, jeraha likaanza kufungwa, na maneno yakamwishia Bi Tusekile kabisa.

Duma akafungua jicho.

Alibaki mtu mmoja tu wa kuombewa: Atuganile, dada yake. Hawakuwa wamesemezana tangu walipogombana kwenye msiba wa mama yao.

"Na Atuganile," alisema. "Mkumbuke Atuganile, Baba. Baridi hii inamuumiza magoti. Na ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo."

Mkononuru ukapanda darini.

"Tumemaliza, Mama," daktari alisema huku akicheka kwa furaha. "Duma atapona. Sasa unaweza kusema amina."

Bi Tusekile hakufumbua macho. Machozi yalimtiririka, naye alikuwa akitabasamu. Akamwinulia daktari kidole.

"Subiri kidogo, mwanangu. Kwa dada ndiyo kwanza nimeanza."