Bakshishi Si Mshahara

Gari la moshi likifika Voi, jikoni mwa hoteli hamkaliki. Abiria wanataka kula upesi kabla gari halijaondoka. Mwandawiro anapika na kupakua. Miraj anapeleka mezani, na mgeni akishiba humpa bakshishi.

Siku moja tajiri wao, mwenye hoteli, akaja na jipya. "Mwezi huu hakuna mshahara. Bakshishi zinawatosha. Gawaneni!"

Lo! Miraj akaanza kuficha sarafu ndani ya kofia. Mwandawiro, kwa hasira, akapakua wali mbichi ili kumkomoa. Wageni wakanuna, wakaondoka bila kutoa hata senti. Haya, nani kakomolewa? Wote wawili!

Mwandawiro hakuwa na raha tena. Kodi ya nyumba, ile ya serikali, ilikuwa imefika. Asipolipa angefungwa, na mama yake mgonjwa angebaki bila wa kumnunulia dawa.

Mkewe, Wakesho, akamwambia, "Kununa kumekusaidia nini? Twende kwa Mzee Badawy."

Badawy alikuwa jirani yao, mkalimani wa mahakama.

"Ulipoanza kazi, mlipatana mshahara?" akauliza.

"Tulipatana, Mzee. Miraj alikuwepo."

"Basi huo ni haki yako kwa sheria. Bakshishi ni zawadi ya mgeni. Tajiri hawezi kukulipa kwa zawadi ya mtu mwingine."

"Na Miraj anayeficha?"

"Hilo ni lenu, mwanangu. Wewe wapika, yeye apeleka. Wekeni zote pamoja, mgawane. Lakini mahakamani nendeni wawili. Yeye shahidi wako, nawe shahidi wake."

"Nimwombe yule? Hata!"

Wakesho akacheka. "Wali mbichi alipika nani, baba?"

Mwandawiro akaona aibu. Jioni hiyo alimwendea Miraj, akamwomba radhi. Miraj naye akavua kofia, akazimwaga sarafu zote mezani.

Mahakamani tajiri alifoka, "Hawa wanapata bakshishi nyingi!"

"Nimekuuliza mshahara," hakimu akasema. "Mlipatana au hamkupatana?"

Tajiri akatazama chini. "Tulipatana."

"Walipe. Leo hii."

Akalipa, tena mbele ya watu! Mwandawiro na Miraj walitoka wameshikana mikono, wakicheka kama watoto.

Kesho yake askari wa kodi walibisha mlangoni. Mama akajikongoja kutoka kitandani, akamshika mwanawe kwa nguvu. "Wamekuja kukuchukua?"

"Wamekuja kuchukua kodi, mama," Mwandawiro akasema. "Mimi nipo."