Aliyekunywa Maziwa ya Kwanza

Kwanza weka mkono kifuani uape. Sema hili halitatoka mdomoni mwako, si kanisani, si kwa muuza mboga, si kwa dada yako anayependa kupiga simu. Umeapa? Sawa. Hata mimi niliapishwa, tena nimeshika Biblia ya watu, na nimejitahidi, nimekaa nalo tangu Jumamosi mpaka leo Jumanne. Kwa mtu wa umri wangu hiyo ni kazi kubwa. Sogea hapa, na urudishe huo mlango.

Unamjua Gladwell binti Ngari, yule aliyeolewa na Sifuna fundi wa stima, wanaokaa Kibomet kwenye nyumba ya mawe ambayo mlango wake wa jikoni unafungukia uani. Mimba yake ilikuwa imeingia wiki ya thelathini na nane. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya Kui.

Kui alizaliwa mnene, kila mtu akasifu, lakini mama mwenye kisukari cha mimba mtoto wake anaweza kuishiwa sukari mwilini mara tu anapotoka, na siku zile matiti ya Gladwell yalikuwa makavu kabisa. Halikutoka hata tone. Kui aliishi siku tatu. Gladwell hakuwahi kulaumu mtu yeyote ila kifua chake mwenyewe.

Kwa hiyo safari hii sista Phelista wa kliniki alimwambia asingoje. Akamfundisha kukamua maziwa ya kwanza kabla ya kuzaa, ile dang'a nzito ya manjano. Weka kitambaa cha moto, sugua taratibu, bana kwa vidole viwili nyuma ya chuchu, halafu vuta tone kwa sirinji ndogo, ile isiyo na sindano. Funga kifuniko, andika tarehe na saa, tia kwenye friza. Jumatatu angeanzishiwa uchungu katika hospitali ya misheni kule Lugulu, aende na sirinji zake kwenye kikasha cha barafu, mtoto akishuka tu sukari apewe za mamake.

Ni rahisi kusema. Gladwell alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda nusu saa nzima, shingo imekufa ganzi, vidole vinauma, na akitazama alichopata hakijazi hata kifuniko cha soda. Siku nyingine alilia, chozi likawa kubwa kuliko maziwa. Lakini aliendelea. Kila sirinji aliiandika kwa mkono wake, akaipanga kama mtu anayepanga mayai.

Jumanne ya wiki iliyopita alitoa moja aitazame tu, kwa furaha. Ilikuwa nyepesi. Kifuniko kimekaza, karatasi ni ile ile aliyoiandika, lakini ndani hakuna kitu, safi kama imelambwa. Akatoa ya pili. Ya tatu. Sita zote zilikuwa tupu, na pale mdomoni, penye plastiki ngumu, palikuwa na vishimo vidogo vidogo. Akazinusa. Zilinuka udongo uliolowa.

Alimwita Sifuna. Sifuna akaja na bisibisi. Akapima stima, akagonga friji kwa nyuma, akatangaza ati friji za siku hizi hukausha vitu, hata nyama hukauka ukiiacha. Gladwell akamuuliza kama friji pia hutafuna. Sifuna akasema plastiki ni ya bei ya chini, na kwamba daktari alikataza mwenye mimba asijisumbue na mawazo. Ungekuwa wewe ungemrushia hiyo bisibisi.

Basi akabaki na mtu mmoja wa kushuku, naye alikuwa mama mkwe.

Wilkista alikuwa amefika kutoka Kamukuywa wiki mbili nyuma, kumsaidia mkaza mwana mpaka ajifungue. Alikuja na viazi vitamu nusu gunia, jogoo, na chipukizi la mgomba lililofungwa kwenye gunia na udongo wake. Alisema mjukuu wake hatazaliwa kwenye boma lisilo na mgomba wa nyumbani. Aliung'oa nyuma ya nyumba yake ya zamani, ile aliyoingia akiwa bibi harusi, akaupanda kando ya mlango wa jikoni kwa mikono yake mwenyewe.

Na kuhusu yale maziwa, hakuficha maoni yake. Kwao, zamani, maziwa ya manjano yalihesabiwa uchafu. Mama akizaa, mkwe wake alimpeleka migombani akayakamua yote chini, siku nne, siku tano, mpaka yageuke meupe, na mtoto akangoja ndani kwa maji ya vuguvugu. Wilkista aliyamwaga pale pale, kwenye shina la huo mgomba. Alizaa saba. Ni yule wa kwanza tu, Jairus, ambaye hakukaa. Alilia siku tano halafu akanyamaza.

Sasa niambie, nani asingemshuku? Gladwell alimuuliza, kwa adabu, sauti chini, kama labda Mama alimwaga kitu kwenye friza kwa kutojua. Wilkista hakukasirika. Alienda akaleta Biblia, akaweka mkono juu.

"Gradwell mwana wangu," alisema, maana kwa ulimi wa kwao hilo jina halimtoki vingine, "mimi sijamwaga tone la maziwa yako. Hata moja. Mungu anipige hapa nilipo."

Na hakupigwa. Sifuna aliposikia alinuna siku mbili, akiuliza kila nguzo ya nyumba kama mamake sasa ni mwizi wa maziwa ya matiti. Gladwell akawa mbaya nyumbani mwake mwenyewe.

Akanunua kufuli. Sifuna akaifunga kwenye friji huku akinung'unika, na Gladwell akavaa ufunguo shingoni kwa uzi. Akaanza upya. Tone, tone. Jumatano sirinji tatu, Alhamisi asubuhi nne. Alhamisi jioni zote zilikuwa tupu, na kufuli imefungwa.

Hapo ndipo hasira ilianza kuingiwa na baridi. Kwa sababu Gladwell alikuwa ameanza kusikia kitu. Saa tisa mchana, ile saa ambayo mvua ya Kitale hushuka bila kukosa, Wilkista alikuwa humwogesha kwa maji ya majani, mkono mzuri, mpole, kisha humlaza apumzike. Na akiwa amelala ubavu, mvua ikipiga mabati, chini ya mvua alisikia sauti nyingine, ndogo, yenye pumzi, nyonya, meza, nyonya, meza, kama mtoto aliyeshiba nusu, na sauti haikutoka chumba chochote bali ukutani upande wa uani, na kila iliposikika matiti yake yalishtuka yenyewe yakalowesha nguo, na aliye tumboni akajikunja akatulia kimya kama mtu anayejificha.

Ijumaa alitoka uani. Ule mgomba wa wiki mbili ulikuwa umempita kimo. Majani mapana, yanang'aa, na jirani mmoja alikuwa ameegemea ua akishangaa waziwazi.

"Mnaupatia mbolea gani, bana?" jirani akauliza. "Mgomba wangu una mwaka na bado unatambaa."

 Gladwell alikuwa anatazama chini ya mgomba. Kwenye matope kulikuwa na alama za magoti mawili ya mtu mzima, na mbele yake viganja viwili, vidogo kama vya mtoto mchanga, lakini vimezama ndani sana, vizito. Na harufu ilikuwa ile ile ya udongo uliolowa.

Alimwambia Sifuna. Sifuna akamwambia ni paka.

Jumamosi wanawake wa kanisa walikuja kumwombea, kumi na mmoja, na vitambaa vyao vya kichwa na chupa za chai. Gladwell alikuwa na sirinji sita kwenye friza, alizokamua tangu alfajiri mpaka vidole vikavimba. Sita za mwisho kabla ya Jumatatu. Wilkista alikuwa amemwogesha mapema kwa ajili ya wageni, akamvisha gauni jipya, akamkalisha kwenye kochi.

Mama Linah ndiye aliyeomba. Ukimjua Mama Linah unajua maombi yake hayana kituo: aliombea tumbo, akaombea wauguzi, akavuka akaombea mahindi, kaunti, na wote walio barabarani. Macho yote yalikuwa yamefungwa. Mvua ikaanza. Gladwell alipeleka mkono shingoni kushika ufunguo, kama alivyozoea akiomba, akashika ngozi tupu; uzi alivuliwa wakati wa kuogeshwa na haukurudi.

Akafungua macho. Kiti cha Wilkista kilikuwa wazi.

Na ile sauti ilikuwepo, safari hii haikujificha chini ya mvua, nyonya, meza, na Gladwell akainuka akishikilia tumbo, akaichukua mezani ile sirinji ya kwanza iliyotafunwa, ambayo alikuwa ameitunza awaonyeshe wanawake ili apatikane hata mmoja wa kumwamini, akapita jikoni, akaikuta friji wazi na kufuli inaning'inia na ufunguo wake, na nyuma yake mmoja baada ya mwingine wanawake wakafungua macho wakamfuata, Mama Linah bado anaomba huku anatembea, mpaka Gladwell alipousukuma mlango wa uani kwa mguu na maombi yakakatika katikati ya neno.

Wilkista alikuwa amepiga magoti matopeni chini ya mgomba, mvua inamchapa, leso imeanguka. Sirinji nne zilikuwa mapajani mwake, moja imetupwa pembeni. Ya sita alikuwa ameishika kwa vidole viwili, kwa upole, kama alivyoelekezwa na sista Phelista siku ile walipoenda kliniki pamoja. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekinga kichwa cha kitu.

Kilikuwa na ukubwa wa mtoto wa siku chache. Ngozi yake ilikuwa kama ganda la mgomba lililokauka, na nywele zake zilikuwa nyeupe, ndefu, zimeshikana na matope. Kilikuwa kimetoka ardhini mpaka kiunoni tu. Kilinyonya kimefumba macho.

 Chupa ya chai ilimponyoka mtu, ikapasuka, hakuna aliyeitazama.

"Msimwamshe," Wilkista alisema kwa sauti ya chini. "Sikumwaga, Gradwell. Niliapa kweli, sijamwaga tone. Nimempa. Ni Jairus wangu. Siku ile nang'oa mgomba aliniita kutoka chini, akaniita mayi, sauti yake ile ile. Nilimnyima maziwa yake nikayamwaga hapa. Sasa amekuja kuyadai, ningemwambia nini?"

Mayi ni mama kwa Kibukusu. Sifuna, aliyekuwa amezunguka nyumba kwa kusikia chupa, alisimama kwenye kona na bisibisi yake, asijue aende wapi.

Gladwell alikuwa na maneno wiki nzima, matusi aliyoyapanga vizuri kitandani. Yote aliyaacha pale mlangoni. Alishuka ngazi ya mlango, akainama kwa shida, akazichukua zile sirinji nne kutoka mapajani mwa mama mkwe, moja moja, akazitia kifuani ndani ya gauni. Halafu akamwonyesha ile iliyotafunwa.

"Mama," alisema. "Jairus alikufa na siku ngapi?"

"Tano."

"Alikuwa na meno?"

Wilkista alitazama vile vishimo kwenye plastiki. Akaanza kuuvuta mkono wake kutoka chini ya kile kichwa.

"Huyu si Jairus," Gladwell akasema. "Huyu ndiye aliyekunywa ya Jairus."

Kunyonya kukakoma. Kitu kile kikafumbua macho, kikawatazama wanawake wote kumi na mmoja waliojazana mlangoni, kikamtazama Sifuna na bisibisi yake, kisha kikatulia kwenye tumbo la Gladwell. Kikatabasamu, na meno yalikuwa ya mtu mzima, yote, yamegeuka manjano mpaka kwenye ufizi. Maziwa yalikuwa bado yanakichuruzika kidevuni.

"Mayi," kikasema kwa sauti ya mtoto, bila kuliacha tumbo kwa macho, na kwa vidole vyake vidogo kikakishika kidole cha Wilkista, kikakaza.