Jumapili ya Mwisho ya Mei

Jumamosi ile soko la Balôn lilifurika watu kama kawaida, na kama kawaida kila mtu alikuwa anauza kitu asichokitaka kwa mtu ambaye kesho naye hatakitaka. Delfina Gariglio alikuwa amechutama mbele ya muuza redio za mitumba, koti lake la rangi ya zabibu likiburura kwenye theluji iliyogeuka tope, skafu ya manjano imempanda mpaka kidevuni. Redio ya dukani kwa baba yake ilikuwa imekata roho wiki ile, na duka la fundi saa lisilo na redio ya masafa mafupi ya kusawazishia saa halina kazi mjini Torino. Alizungusha kitufe taratibu. Alipita muziki, akapita mtu anayegomba kwa Kirusi, mpaka akaupata mlio alioutafuta, mwembamba, ti, ti, ti, mmoja kwa kila sekunde. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume, ikataja jina la kituo na majira kamili.

"Hii nzima," Delfina alimwambia muuzaji. "Huyu jamaa namjua. Kila asubuhi anatusomea saa kama anasoma majina ya marehemu."

Pembeni yake kijana mmoja mrefu, koti la buluu, mikono imejaa waya alizokuwa akizichambua, alikohoa.

"Samahani, dada. Waliniambia nisome polepole."

"Walikuambia wewe?"

"Jamaa mwenyewe ndiye mimi."

Delfina alimkagua kuanzia viatu hadi nywele. Sauti ilikuwa ile ile, ila usoni hakuwa na msiba wowote. Alimwambia kama ni kweli basi ataje saa, na kijana akatazama mkononi, akachezesha midomo kidogo kama mtu anayehesabu, akataja. Lakini Delfina ni mtoto wa fundi, macho yake yalikuwa yameshafika kwenye ile saa ya mkononi.

"Mbona yako iko nyuma?"

"Haiko nyuma. Inafuata ya kituoni, na ya kituoni ni ya dunia nzima, haiguswi mwaka mzima. Nikitaka ya Torino najumlisha moja."

"Kichwani?"

"Kichwani."

"Baba yangu akikusikia atazimia," alisema Delfina, na akacheka mpaka skafu ikamvuka.

Kijana aliitwa Ezio Pautasso. Aliibeba ile redio mpaka kwenye kituo cha tramu, akapanda tramu ambayo haikuwa yake, akashuka kituo ambacho hakuwa na shughuli nacho. Yalianzia masikioni, mapenzi yale, lakini hayakuchelewa kushuka moyoni.

Basi ikawa simu. Delfina alisubiri baba yake aende kunywa kahawa ya saa nne, akapiga kituoni, nje ya mji, kule kwenye minara na mashamba.

"Kituo cha majira," ilijibu ile sauti ya kusoma majina ya marehemu.

"Samahani, bwana, hivi sasa ni saa ngapi?"

"Ni saa ya kukuona, mpenzi."

"Umelisoma wapi hilo?"

"Nimelitunga mwenyewe. Nilikuwa na jioni nzima."

"Jioni nzima kwa hilo tu? Pole, Bwana Sekunde."

Walitembea kandokando ya mto Po, wakala karanga za moto kwenye karatasi, wakaenda sinema ambako Ezio alimwarifu mkata tiketi kwamba filamu imechelewa kuanza. Delfina alimpenda. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha. Aliona na kasoro yake, maana mtu akipenda haina maana amepofuka. Ezio hakuwa na neno "nimekosea" mdomoni mwake. Siku moja mkahawani alitia chumvi kwenye kahawa akidhani sukari. Delfina alimwona. Na Ezio aliona kwamba ameonwa. Aliinywa yote mpaka ya mwisho, akasema nzuri.

Mei ilipoingia wakakubaliana Ezio aje nyumbani kula chakula cha mchana cha Jumapili na kumwomba mzee mkono wa binti. Mzee alikuwa Battista Gariglio, mtaa mzima ulimwita Monsù Battista, yaani Bwana Battista, fundi saa mwenye miwani mbili, moja ya kutazama saa na moja ya kutazama watu, na ya watu aliivaa kwa nadra. Mkewe alikufa Delfina akiwa msichana mdogo, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na watu wawili na saa zisizohesabika. Habari za mkwe mtarajiwa zilimpendeza kuliko alivyoonyesha. Alikuwa anaiamini sauti ile kwa miaka. Aliwaambia majirani kwamba wengine huozesha binti zao kwa watu wasiojua hata kesho ni lini, yeye atamwozesha kwa mtu ambaye meli baharini zinamsikiliza.

Siku waliyopanga ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Mei. Siku hiyo, kama mnavyojua, serikali hutuibia saa moja: usiku saa zote husogezwa mbele ili jua la kiangazi litufae zaidi. Na nani aliyesoma tangazo hilo redioni wiki nzima, kila siku, kwa sauti ya msiba? Ezio Pautasso.

Jumamosi usiku alikuwa zamu. Alitoka asubuhi, akalala kidogo kwenye chumba cha mafundi kulekule, akaoga, akavaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi na mama yake, tai ya buluu, viatu unavyoweza kujiona ndani yake. Alinunua chokoleti za Delfina na maua meupe ya kuweka mbele ya picha ya marehemu mama. Akatazama saa yake. Ilisema saa sita. Akajumlisha moja, kama alivyojumlisha majira yote ya baridi, akapata saa saba kamili, akagonga mlango akiwa na furaha ya mtu aliyewahi.

Kuanzia usiku ule alitakiwa kujumlisha mbili.

Ndani, meza ilikuwa imewekwa kitambaa cha harusi ya mama. Shangazi yake Delfina alikuwa ametoka mji wa Asti kwa treni ya alfajiri. Delfina alikuwa amevaa gauni jipya la kijani lenye vifungo mpaka shingoni, na tangu Ijumaa alikuwa anakunja agnolotti, vile vifuko vya unga, kimoja kimoja, nyama ndani. Vilipoiva mgeni hakuwepo. Vikapoa. Vikapashwa moto, vikapasuka. Shangazi akaanza kusifia hali ya hewa.  Monsù Battista alikaa amezitazama saa zake za ukutani, zote zikigonga pamoja saa saba, saba na nusu, na hatimaye saa nane. Ndipo mlango ulipogongwa.

Na Ezio, masikini, aliingia akitabasamu, akasema, "Sijachelewa hata sekunde."

Kimya kilichofuata hakuna redio inayoweza kukirusha. Monsù Battista aliinuka, akavaa miwani ya watu, akamtazama kwa muda.

"Kijana, ukiwa hutaki kuja kwetu, usije. Lakini usije kunidhihaki mbele ya saa zangu."

Ezio akainua macho ukutani. Akaelewa. Nawaambia aliona kila kitu kwa mara moja, tangazo, zamu, ile moja zaidi aliyopaswa kuijumlisha. Damu ikampanda mpaka masikioni. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa fupi, na pale pale lingefuta yote. Halikutoka. Alichosema ni kwamba saa yake iko sahihi, saa ya dunia nzima haijabadilika, waliobadilisha ni serikali.

Delfina alimpokea maua, akampa shangazi, akamfungulia mlango atoke.

Jioni Ezio alipiga simu.

"Delfina, nisikilize. Saa yangu haikukosea."

"Saa yako. Na wewe?"

Ezio alikunjakunja waya wa simu kidoleni.

"Ulisoma tangazo lile wiki nzima, Ezio. Nimekusikia kwa masikio yangu. Usiniambie hukujua. Ulikuwa hapo chini kwenye ngazi unajiuliza kama unanitaka. Saa nzima unajiuliza."

"Si hivyo."

"Ni vipi, basi? Niambie tu ni vipi."

Angemwambia. Lakini mtu aliyekunywa kahawa ya chumvi mpaka mwisho ni mtu mgumu. Alisema tena ile habari ya saa ya dunia, na Delfina akaweka simu chini, taratibu, bila kuibamiza. Alilia jikoni huku anaosha sahani ambazo hazikuliwa.

Kiangazi kile kilikuwa kirefu kwa wote wawili. Taabu ya Delfina ilikuwa moja ambayo mwanamke mwingine aliyeachana na mtu hana: kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, mtu wake alikuwa anaongea. Alimwomba baba yake watafute kituo kingine. Mzee akakataa katakata.

"Yule simtaki mezani kwangu," alisema. "Lakini sekunde zake nazitaka."

Kwa hiyo redio ikiwashwa, Delfina alikwenda uani. Alisimama na kikombe chake kati ya mapipa ya taka na baiskeli za wapangaji mpaka sauti iishe na ibaki ile milio mitupu, ndipo anarudi. Wapangaji walidhani anapenda hewa ya asubuhi.

Agosti mji ulihama, watu wakaenda baharini, duka likafungwa. Septemba likafunguliwa. Asubuhi ya kwanza Monsù Battista aliwasha redio na Delfina akaelekea uani na kikombe chake, na alipofika kizingitini sauti ikaanza. Haikuwa ile. Ilikuwa ya mtu mwingine, changamfu, ya haraka, kama anauza sabuni. Delfina akasimama. Akarudi ndani na kikombe chake.

"Huyu nani tena?" alisema mzee, mshale wa saa ya mteja ukiwa kwenye kibano. "Simwamini hata kidogo."

Akamtazama binti yake, na miwani aliyovaa haikuwa ya saa. Akasema anakwenda kunywa kahawa. Haikuwa bado saa nne. Delfina akashika simu.

"Kituo cha majira." Alikuwa yeye.

"Uko mzima?" Delfina aliuliza. Hakuwa ameandaa kingine.

"Mzima."

"Umefukuzwa?"

"Hapana. Nimeomba wanitoe kwenye kusoma. Mitambo bado naangalia."

"Kwa nini?"

Alisikia milio nyuma yake, ti, ti, ti, na akasubiri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza Ezio Pautasso kusema jambo bila kulipima kwanza.

"Siwezi kuwaambia watu ni saa ngapi. Nilichelewa."

"Sema tena."

"Nilichelewa, Delfina. Nilitoka zamu, nikajumlisha moja badala ya mbili. Nilisahau. Tangazo nililisoma mimi, na nikasahau mimi. Nilipoona saa za baba yako nilijua, na nikashindwa kusema. Ngazini sikukaa hata kidogo. Nilizipanda mbilimbili."

Delfina alijifuta macho kwa aproni ya dukani, yenye mafuta ya saa, akajipaka weusi puani.

"Kiangazi kizima," alisema. "Kiangazi kizima nimesimama na mapipa ya taka kwa sababu ya hesabu ya darasa la kwanza."

"Mapipa gani?"

"Nitakueleza. Njoo Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Saa saba. Baba nitamwambia mimi."

"Jumapili ya mwisho? Unajua siku hiyo saa zinarudi nyuma?"

"Najua, Bwana Sekunde. Nataka nikuone."

Wiki zile majirani wote walizungumzia jambo hilo moja. Wengine walisema atachelewa tena. Shangazi alisema haji safari hii kutoka Asti, moyo wake hauwezi.

Jumapili ilipofika, Delfina alikuwa bado na vibanio vya nywele kichwani, unga mpaka viwikoni, gauni la kijani limening'inizwa mlangoni halijavaliwa, mlango ukagongwa. Saa za ukutani zilikuwa ndiyo kwanza zimegonga sita. Alifungua. Ezio alikuwa amesimama na suti ile ile ya kijivu, na mkononi hakuwa na maua wala chokoleti.

Uso wa Delfina ulinyong'onyea. "Umesahau tena kuhesabu."

"Hapana. Leo nimehesabu mara nyingi mno." Alivuta pumzi. "Mei nilikupotezea saa nzima mbele ya baba yako. Usiku serikali imeirudisha. Nikaona si haki niitumie kulala. Nimekuja kuikalia hapa, kama utanipa kazi ya kufanya."

Monsù Battista alikuwa ametokea mlango wa chumbani, ana suruali ya Jumapili na fulana. Alitazama ukutani, akamtazama kijana, akatazama ukutani tena. Saa zilikubaliana zote.

"Unasemaje kuhusu Mei?" aliuliza.

"Nilichelewa, Monsù. Nisamehe."

Mzee akasogeza kiti kwa mguu, kile cha jikoni, karibu na ubao wa unga. Ezio alivua koti, akakunja mikono ya shati. Delfina akamfundisha kukunja agnolotti, na vyake vilikuwa vibaya kupindukia, na alipoambiwa hivyo alisema ni kweli. Hapo kwenye unga, kabla ya chakula, akamwomba mzee mkono wa binti yake, mikono ya wote wawili ikiwa myeupe mpaka juu. Delfina alijibu ndiyo kabla baba yake hajafumbua mdomo.

Asubuhi ya pili yake ile sauti ya kuuza sabuni ilikuwa bado redioni, lakini haikumaliza wiki. Ezio alirudi kwenye kusoma, polepole vilevile, na Delfina akanywa kahawa yake ndani, ameegemea redio. Alipouliza harusi iwe lini, Monsù Battista hakuinua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa akiifungua.

"Siku yoyote mtakayo," alisema. "Ila si Jumapili ya mwisho ya Mei."