Mpima Maji Nje ya Kanisa

Sauti ndiyo iliyotangulia. Kabla vumbi la gari la idara ya maji halijatulia, Kipngeno alisikia mitungi mitupu ya plastiki ikipigwa kama ngoma, na juu ya mdundo huo mwanamke akiimba kwa Kidinka, sauti nzito kidogo, isiyo na haraka. Vumbi lilipotua akamwona. Alikuwa msichana mrefu, shuka ya samawati imefungwa fundo begani, amekalia mtungi mmoja na kupiga mwingine, na foleni nzima ya bombani ikimwitikia.

Kipngeno alikuwa amekuja kambi ya wakimbizi ya Kakuma kupima maji. Akakinga kidogo kwenye chupa yake, akatia kidonge, akatikisa.

"Daktari wa maji," msichana akamwita, "unatuloga?"

"Napima dawa. Maji yakigeuka waridi, dawa imo."

"Yasipogeuka?"

"Haimo."

"Ama kidonge chako kimeharibika."

Foleni ikaangua kicheko. Kipngeno naye akacheka, na kicheko hicho kikamshtua, maana Lodwar alikoishi hakuwa na wa kucheka naye. Akasema ndiyo sababu hupima mara mbili. Akapima tena, na mara hiyo ya pili haikuwa na kazi yoyote ila kumweka pale bombani.

Msichana huyo aliitwa Yar. Aliingia Kakuma mgongoni mwa mama yake, wakikimbia vita Sudan, mama akazikwa hapohapo kambini, na sasa alifundisha watoto wadogo na kuishi kwa baba yake mdogo, Lual, mzee wa kanisa. Mwaka ulikuwa 2012. Kabla gari halijaondoka, Kipngeno alikuwa na nambari yake ya simu.

Lodwar alikuwa na chumba cha mabati, meza moja na sahani moja. Kazini kila mkutano ulifunguliwa kwa maombi, na Awino, karani wa ofisi, ndiye aliyegawa zamu. Zamu ya Kipngeno ilipofika, alisema arukwe, kwa kuwa hana wa kumwomba. Hakuna aliyemgombeza. Walianza tu kupunguza kumwalika, leo harusi, kesho chai, na Awino, mwanamke mwema asiyejua kunong'ona, akawa anamwombea kwa jina huku amesimama kando yake. Mtaani aliitikia salamu ya Kiturkana, "ejok," ya kila mpita njia, akafika nyumbani, akala ugali wake akiuangalia ukuta. Kisha akampigia Yar, na ukuta ukawa mbali.

Jioni moja alimweleza. Hakutaka apendwe kwa kudhaniwa.

"Yar, mimi siamini kuna Mungu."

Simu ikakwaruza. "Ulifikaje huko?"

Akamweleza kwamba alipokuwa shule ya upili alikaa kitandani akazipanga hoja moja baada ya nyingine. Mungu mwema, mwenye uwezo wote, hangeacha watoto wafe kwa ukame. Watoto wanakufa. Basi hayupo.

"Ulikuwa kitandani."

"Ndiyo."

"Maji unayapima kwa chupa, mpenzi. Mungu ulimpima kwa godoro."

Kipngeno alicheka, lakini ilimchoma. Akajitetea kwa moto wote wa kijana anayejiona ana haki: binadamu ana njia mbili za kuujua ukweli, moja ya kichwa kinachofikiri, nyingine ya macho na mikono inayopima, na yeye njia zote mbili zimemfikisha palepale. Yar akamuuliza hiyo ya pili aliipita lini. Yeye mwenyewe alivushwa mto usiku watu wakipigwa risasi, mama akiomba, na yuko hai. Hicho ndicho kipimo chake. Kipngeno akasema chupa moja haitoshi.

"Basi njoo Jumapili upime ya pili," Yar akasema.

Akaja. Kila gari la idara lilipopata safari ya Kakuma mwisho wa juma, alikuwemo. Lakini mlango wa kanisa hakuuvuka. Aliona kuingia ni kusema uongo kwa miguu. Akakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo, akizisikiliza ngoma, na Yar akitoka walitembea pamoja hadi kwa Lual wakitaniana.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Jumapili moja dereva alitaka kurudi mapema, Kipngeno akaondoka kabla ibada haijaisha. Ndani, wakati huohuo, ilitangazwa kwamba wanawake wanaanza wiki ya kufunga, watalala kanisani, na simu zitakusanywa kikapuni papo hapo. Kila aliyekuwa ndani alisikia. Aliyezoea kukaa nje hakusikia, na hata nje hakuwepo.

Alipiga jioni. Mteja hapatikani. Akapiga kesho yake, na siku iliyofuata, na sauti ile ya mashine ikamjibu kwa adabu ileile. Akalala chali, akafikiri. Yar hazimi simu. Simu imezimwa. Lual hamtaki mtu asiyeamini. Jumapili, kabla ya ibada, Lual alisimama na Manyok, kijana wa kwaya, wakiongea kwa kunong'ona. Basi. Hoja ziliungana vizuri, hakuona ufa hata mmoja. Magari ya kwenda Kakuma yalikuwepo kila asubuhi, hakupanda. Akaandika: "Nimeelewa. Olewa na Manyok, muombe pamoja. Usinitafute."

Yar alipiga siku alipopewa simu yake.

"Uliniona na Manyok?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikwambia?"

"Hapana. Nilifikiri."

"Kitandani?"

Kipngeno, aliyekuwa amelala chali, akainuka akaketi.

"Nilikuwa nafunga," Yar akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomwumiza zaidi. "Nilikuwa nalitaja jina lako. Sikuomba uamini. Niliomba upate mtu wa kula naye huko Lodwar. Mungu umkane kwa hoja, sawa, mjuane wenyewe. Lakini mimi naonekana, Kipngeno. Ungekuja uniangalie."

Simu ikakatika. Miezi ikapita, mwaka ukageuka. Alipima visima na mabomba hadi Kaaleng, mbali kaskazini, akarudi, akafua, akala. Alizipitia hoja zake za Mungu na kuziona bado zimesimama, hilo halikumtikisa. Kilichomtesa ni kwamba alipofika kwa mtu aliye hai, anayeweza kuulizwa akajibu, aliridhika na kichwa chake. Awino, alipochoka kumwona anakonda, akamwambia, "Mimi nakuombea, lakini siwezi kukupandia gari."

Akapanda. Ilikuwa Jumapili. Mlangoni alisita, kisha akavuka, akasimama nyuma kabisa. Walipoinamisha vichwa yeye hakuinamisha. Akaangalia migongo yote ile, na katikati yake akakuta uso mmoja umegeuka, macho wazi, ukimtazama.

Baada ya ibada Yar alimjia, wakatoka pamoja, na Lual akawafuata uani.

"Umeamini?"

"Hapana, mzee."

"Ungesema ndiyo ningekupa kiti."

"Ningekuwa nimekalia uongo."

Mzee akasema yeye peke yake hawezi kumtoa binti kwa mtu asiyeapa mbele ya Mungu. Ukoo uko Bor, Sudan Kusini, na Yar anaondoka wiki hii kwenda kufundisha huko. Wao ndio watakaosema. Kisha akawaacha, hatua chache tu.

"Watakataa," Yar akasema polepole. "Unajua hilo."

Kipngeno alitaka kusema anajua. Hoja zilikuwa tayari zimejipanga kichwani. Akazisukuma kando, akamshika mkono mbele ya mzee na kanisa zima lililokuwa likitoka.

"Sijui," akasema. "Nitakuja Bor, Yar. Sitakisia wamesema nini, wala wewe umesema nini. Nitakuja nikuulize usoni, na likiwa ni hapana, nitalisikia kwako."