Kiganja cha Kwanza

Kila asubuhi, ng'ombe wakiwa bado wanacheua kwa usingizi, Mwelu alishuka mtoni na mtungi mgongoni, mkanda wa ngozi ukiwa umemkaa kwenye paji la uso. Mto wenyewe ulikuwa wa jina tu. Ulikuwa mchanga mtupu, mpana kuliko barabara ya lami iendayo Machakos mjini, na mgeni angesimama hapo akakuna kichwa: maji yenyewe yako wapi? Yako chini, mgeni, yamelala. Watu wa huku Mwala hawachoti maji. Wanayaamsha.

Kila boma lilikuwa na shimo lake mchangani, limezungushiwa matawi ya miiba ili wanyama wasiingie. Hatua chache chini yake palikuwa na shimo moja lisilo na ua, la punda na mbuzi wa kijiji kizima. Aliyefika wa kwanza asubuhi aliondoa miiba ya shimo la kwao, akakomba maji yaliyolala humo na kuyamwaga, kisha akangoja maji mapya yapande. Nayo hayapandi kwa haraka. Yanakuja kama mtu anayeitwa kutoka usingizini: kwanza mchanga unalowa, kisha unang'aa, kisha jicho dogo la maji linafumbuka katikati.

Hapo ndipo Mwelu alipokuwa na siri yake.

Alipiga magoti akalitazama jicho lile mpaka likakua kiasi cha kumwonyesha uso wake mwenyewe, na nyuma ya uso huo anga ambayo bado haijaamua iwe ya rangi gani. Alinong'ona, "Ni mimi tena." Kisha akateka kiganja kimoja, akanywa taratibu, macho amefumba, maji ya baridi yakimshuka kifuani kama uzi. Ni baada ya hapo tu siku ilipoanza. Bila kiganja hicho, siku ingempita bila kumtambua, kama mwalimu anayeita majina akaruka la kwako. Aliwahi kujaribu kuacha, na siku hiyohiyo akapata sifuri katika hesabu na kumwaga uji. Ushahidi gani tena ulihitajika?

Usimcheke. Kila mtu ana vijimambo vyake. Susu Ndila, nyanya yake, hakulala kabla ya kugeuza viatu vyake vitazame mlango, eti visije vikapotea njia asubuhi. Bwana Muindi, mwalimu wao wa darasa la sita, alipuliza chaki kabla ya kuandika, kana kwamba ni kiazi cha moto. Na wewe unayesoma hapa, usijifanye malaika. Kuna jiwe fulani njiani ambalo usipolipiga teke huoni raha siku nzima.

Shida ya Mwelu ilikuwa mama yake.

Ulikuwa mwaka wa 1998. Mvua za El Niño zilikuwa zimesomba madaraja, mahindi na vyoo vya watu. Zilipokwisha na mto ukarudi kuwa mchanga, magonjwa ya tumbo yalibaki kijijini kama wageni wasiojua saa ya kuondoka. Zahanati ikamchagua Mama Mwelu aende nyumba kwa nyumba akifundisha watu kuchemsha maji ya kunywa. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na kwa sauti yote pia. Jumapili moja kanisani, baada ya matangazo, alisimama akasema, "Nyumbani kwangu hakuna anayetia tone la maji mabichi mdomoni. Hata paka."

Watu walicheka. Mwelu akaangalia vidole vyake vya miguu.

Angemwambiaje mama kama huyo habari za kiganja? Alijituliza kwa kujiambia kwamba kiganja kimoja si kunywa. Ni kusalimiana.

Baadhi ya asubuhi Kanini, mdogo wake wa miaka mitano, alimfuata mtoni akiburuta kibuyu chake kidogo. Alikaa mchangani, kidole mdomoni, akatazama yote.

"Unaongea na nani?" aliuliza siku moja.

"Na asubuhi."

"Inajibu?"

"Ukinyamaza vizuri."

Kanini alinyamaza vizuri njia nzima ya kurudi nyumbani, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ajue kusema. Mwelu alicheka kimoyomoyo, kisha akalisahau.

Kisha Kanini akaugua. Ilianza na kichwa, ikaja homa, likaja na tumbo. Chakula alikisukuma kando. Mama akambeba hadi zahanati kwa Sista Pauline, muuguzi aliyependwa kijijini ingawa sindano zake hazikupendwa.

"Maji ya kunywa mnachemsha?" Sista Pauline aliuliza.

"Sista, unaniuliza mimi?"

Sista Pauline akacheka, maana ndiye aliyempa mama kazi ile. "Nisamehe, Mama Mwelu. Mdomo umezoea. Basi hii itakuwa malaria. Mbu wa mwaka huu wamekuja na ukoo wao wote."

Kanini akapewa dawa ya malaria. Aliimaliza yote, lakini homa haikwenda popote. Alilala kwenye mkeka kivulini, midomo imekauka, macho yamekuwa makubwa kuliko uso. Kibaya zaidi, hakuuliza maswali. Nyumba ilikuwa kimya hadi Susu akaanza kukohoa bila kikohozi, ili tu pawe na sauti.

Mwelu aliendelea kushuka mtoni. Jicho la maji lilifumbuka kama kawaida, anga ikaingia ndani yake kama kawaida. Alikunywa kiganja chake, kisha akateka cha pili akakinywa kwa niaba ya Kanini. "Ni yeye pia," alinong'ona. "Msimruke." Alibaki hapo amepiga magoti, akihisi kama yuko ndani ya ndoto ambayo mtu mwingine anaiota, mpaka kwato zikasikika mchangani.

Alikuwa Mwendwa, jirani yao, aliyesoma naye darasa moja. Alikuja na punda wawili na mdomo ambao haukujua Jumapili.

"Niaje, Mwelu. Mgonjwa wenu ako aje?"

"Bado."

"Pole. Yule mtoto ni kichekesho, si uongo. Juzijuzi kabla augue, nikileta punda na wewe ushaenda, nilikuwa nampata amewatangulia. Amepiga magoti kwa shimo lao, anaambia maji, 'Ni mimi tena.' Halafu anakunywa na mkono. Meneja naye amesimama nyuma yake kwa foleni kama mtu wa benki." Meneja alikuwa punda wake mkubwa.

Mwelu alihisi mchanga ukisogea chini ya magoti yake. "Shimo la punda?"

"Sasa angekunywa lipi? Lenu limefungwa na miiba, mkono wa mtoto utapita wapi?"

Miiba hiyo Mwelu mwenyewe ndiye aliyeirudisha kila asubuhi, kwa uangalifu, tawi juu ya tawi.

"Alikunywa mara moja tu?"

"Kila nikija. Nilidhani ni mchezo wenu." Mwendwa akamtazama vizuri. "Mbona umekauka hivyo? Nimesema nini?"

Mwelu alipandisha mtungi mgongoni na kuondoka, na njia aliyoijua tangu ajue kutembea ikawa ndefu kama imevutwa na mtu. Akisema, kijiji kitajua kwamba binti wa mwalimu wa maji anakunywa maji mabichi kila asubuhi. Watamcheka yeye, hilo angelivumilia. Lakini watamcheka mama. Mlango upi utafunguliwa tena mama akibisha na somo lake? Asiposema, basi Kanini ataendelea kunyamaza vile, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alimkuta mama akimfunga Kanini mgongoni kwa leso. "Tunarudi zahanati," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe baki na Susu."

"Nitakuja na nyinyi, mwaitu."

Mama hakuwa na nguvu za kubishana.

Benchi la zahanati lilikuwa limejaa akina mama, na karibu wote walikuwa wamefundishwa kuchemsha maji na mama yake Mwelu. Mmoja wao, Munyiva, alijisogeza akampa nafasi. Sista Pauline alimgusa Kanini shingoni, akambonyeza tumbo polepole, akakunja uso.

"Malaria ingekuwa imesikia dawa," alisema. "Labda hii ni ile sugu. Nitampa dawa yenye nguvu zaidi." Akageukia kabati.

"Sista," Mwelu alisema, "si malaria."

Benchi lote likageuka.

"Umekuwa daktari tangu lini?" mama aliuliza kwa uchovu.

Mwelu alitazama mgongo wa Sista Pauline, maana uso wa mama hakuuweza. "Kanini amekuwa akinywa maji mtoni. Kwa shimo la punda. Mwendwa amemwona. Aliiga kwangu. Mimi hunywa kila asubuhi kiganja cha kwanza, hayajachemshwa, na huwa nayaambia ni mimi tena. Yeye alitaka kufanya kama mimi, lakini hakuweza kupita miiba."

Kisha Munyiva akasema polepole, bila hata kutaka, "Hata paka?"

Mtu mmoja akacheka, akageuza kicheko kuwa chafya. Mkono wa mama ulibaki mgongoni mwa Kanini, ukimpapasa juu na chini, juu na chini.

Sista Pauline alirudisha chupa ya dawa kabatini na kufunga mlango wake. Akachuchumaa mbele ya Mwelu. "Rudia polepole. Alikunywa kwa muda gani? Siku moja au nyingi?"

"Nyingi."

"Na wewe, tumbo halikuumi?"

"Hapana."

"Basi wewe una bahati, na bahati haina mkataba na mtu. Nawe utapimwa." Akasimama. "Asi, Mama Mwelu, nilikuuliza swali nikajijibu mwenyewe. Hilo ni langu, si lako. Sasa tuanze upya."

Damu ikapelekwa hospitali kubwa, jibu likarudi: homa ya matumbo. Kanini akabadilishiwa dawa, akanyweshwa maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Nafuu ilikuja taratibu, kama maji ya mtoni: kwanza jasho, kisha usingizi mzuri, kisha jicho moja likafumbuka kumtafuta anayepika. Siku aliyosema muthokoi wa mahindi umekosa chumvi, Susu alitoka nje akawaambia kuku.

Jumapili iliyofuata mama alisimama tena kanisani. Mwelu alitamani sakafu immeze, na sakafu ikakataa.

"Nilisema hata paka," mama alianza. "Habari za paka sizijui. Lakini binti zangu wote wawili wamekuwa wakinywa maji mabichi mbele ya macho yangu, na mmoja tumekaribia kumkosa. Kama limetokea kwa anayefundisha, litatokea kwako unayesinzia hapo nyuma. Naomba tulizungushie shimo la mifugo ua wenye lango, ili mtoto asifike peke yake. Na kila mzazi amuulize mtoto wake leo, bila fimbo, hunywa maji wapi akiwa na kiu huko malishoni."

Hakuna aliyecheka. Watoto waliulizwa, na majibu yakawatoa wazazi jasho. Kesho yake baba yake Mwendwa na wenzake wakakata miiba, na kabla ya jua kuwaka sawasawa ua ulikuwa umesimama. Mwendwa alilalamika kwamba sasa Meneja atahitaji kubisha hodi.

Mama alikuwa hajamwambia Mwelu lolote, si karipio, si pole. Asubuhi iliyofuata alimwamsha mwenyewe, wakashuka mtoni pamoja katika mwanga wa kijivu. Mama aliondoa miiba. Mwelu akakomba maji yaliyolala, akayamwaga.

"Nionyeshe," mama alisema.

Mwelu alipiga magoti, masikio yakiwaka moto. Mama naye akapiga magoti, gauni lake la kazi likikaa mchangani. Wakangoja. Mchanga ukalowa, ukang'aa, jicho likafumbuka, na mara ikawa kuna nyuso mbili ndani yake na anga moja.

"Sitafanya tena, mwaitu."

"Sijakukataza kusalimia asubuhi," mama alisema. "Kila mtu ana kitu chake kidogo cha kumshikilia, na si haki kumcheka. Salimia. Nawa uso, kama unataka. Lakini usinywe, mwanangu. Maji hayajui kwamba unayapenda. Yakiwa na ugonjwa yatakupa ugonjwa, hata uyaamkie kwa heshima gani."

Mwelu aliitikia kwa kichwa.

"Na jingine. Siri isiyomuumiza mtu ni yako, ihifadhi mpaka uzeeke. Siku inapoanza kumuumiza mtu, itoe. Itoe upesi, hata kama aibu ni yangu. Aibu hiyo nimeibeba kanisani, nimerudi nayo nyumbani, na mgongo wangu haukuvunjika. Lakini Kanini angekufa, yeye ningempeleka wapi?"

Maji yalikuwa yameshapanda. Mwelu alichota kwa viganja viwili akanawa uso, baridi ikamwamsha mpaka kwenye mizizi ya nywele. Kisha mama naye akainama, akatumbukiza mikono yake mikavu, akajimwagia usoni na kubaki hivyo kwa muda, matone yakimdondoka kidevuni.

Midomo yake ilisogea kidogo. Mwelu aliona, lakini hakuuliza amesema nini. Alivuta mtungi karibu, akaanza kuteka.