Noti Aliyoifuta Chiriku

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia ofisini kwa shangazi yake, chumba kimoja chenye kompyuta mbili na mashine ya kuchapa. Alinawa mikono, akaketi na kumsaidia kupanga kitabu cha nyimbo za kwaya. Jina la Chiriku alipewa kwa wingi wa maneno, lakini siku moja alikuwa kimya kama maji mtungini.

Wimbo wa mwisho ulimchanganya. Sauti ya kwanza na ya pili zilikuwa pamoja kwenye mistari ileile mitano; noti za sauti ya kwanza, zile alama za muziki, zilikuwa na vijiti juu, za sauti ya pili vijiti chini. Yeye alitakiwa kuweka maneno "Utufikishe salama" chini yake. Akahesabu silabi: nane. Noti za juu: nane. Noti za chini: tisa. Akarudia kwa kidole, zikawa tisa tena. Kila alipojaribu kufuata zile za chini, noti moja ilibaki uchi, haina neno.

"Vipi mwanangu, umefika wapi?" shangazi aliuliza.

Chiriku aliona haya. Akafuta noti moja ya chini. "Nimemaliza, shangazi."

Shangazi akamwamini, akachapa karatasi za majaribio.

Kesho yake walizipeleka kwa wanakwaya. Bibi mmoja, mjane wa mwalimu aliyeutunga wimbo huo, aliimba sauti ya pili. Alipofika "Utufikishe" akakwama. Wakaanza upya, akakwama palepale.

"Mnisamehe, wanangu," alisema, akiitazama karatasi kwa karibu. "Wimbo wa mume wangu mwenyewe, sasa unanitoka. Ndio uzee huu."

Chiriku alishindwa kuelewa. Kidoti kimoja tu, kimemfanyaje mtu mzima hivi? Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akasimama.

"Bibi, hujasahau. Noti nimeifuta mimi. Maneno hayakuenea, nikaogopa kuuliza."

Bibi akaishusha karatasi. "Ahsante kwa kuniambia, mjukuu wangu. Nilikuwa nimeanza kujiogopa."

Waliporudi ofisini, shangazi aliirudisha noti. "Sauti zikikaa pamoja, maneno tunayapanga kwa kufuata ya kwanza," alieleza. "Tazama silabi 'ki'. Wa kwanza wanavuta noti moja, wa pili wanaimba mbili za haraka. Silabi ni hiyohiyo. Kwa hiyo noti mbili hizo tunaziunga kwa kijimstari kilichopinda."

"Kumbe silabi moja hubeba noti mbili?"

"Hubeba. Ungeniuliza jana, ningekujibu kabla chai haijapoa." Akamvutia kiti karibu. "Kutoelewa si kosa, hata mimi hukwama. Kosa ni kuficha. Ukikwama ukanyamaza, utamkwamisha mwenzako, naye atadhani kosa ni lake."