Nafasi Tatu

Saa sita mchana lile jengo la mafundi huwa halina pa kuweka mguu. Wauza chaja wanaita, printa zinakohoa, na ngazini watu wanapishana kwa mabega. Humo ndimo alimoingia mfasiri, gauni la kijani lenye vifungo vyeupe, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, laptopu kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Uso ulisema wazi: leo atakayenichokoza atanijua.

Alisimama mbele ya kibanda cha mwisho. Akasoma bango, akavaa miwani, akalisoma tena.

"Kaka, hii alama ya mkato inatakiwa ishikane na neno lililotangulia. Na hapa, kati ya 'tunatengeneza' na 'kompyuta', umeacha nafasi mbili."

Fundi akainua kichwa. Mtu mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, bisibisi nyuma ya sikio.

"Karibu, dada. Umekuja kutengeneza kompyuta au bango langu?"

"Kompyuta. Bango nimelirekebisha bure."

Fundi akacheka. Mfasiri alijikaza asicheke, lakini mdomo ulimsaliti.

"Haya, mgonjwa anasemaje?"

"Inatumia mfumo wa Linux. Juzi iliniomba niisasishe, nikakubali. Tangu siku hiyo mshale umeingiwa na wazimu. Naandika chini, herufi zinatokea juu. Mara unajichagulia sentensi nzima, nikibonyeza herufi inayofuata, sentensi imefutika. Mimi nafasiri karatasi za dawa, kaka. 'Usimeze' ikigeuka 'meza', kuna mtu anakwenda kaburini."

"Umebadilishiwa dreva."

"Dreva? Kwani hii ni gari?"

"Kila kifaa humu ndani kina dreva wake, yaani programu inayokiendesha. Yule wa zamani alijua kwamba ukiwa unaandika, kiganja kikigusa hiki kibao cha kugusa hapa chini, hujamaanisha kitu. Huyu mpya mgeni. Ukimgusa tu anadhani umemwita."

"Kumbe. Basi kama wanaume wengi."

Fundi akaivuta kompyuta kwake. Akainama, akaandika mstari mmoja wa amri, akamsogezea kompyuta. Mfasiri akaandika sentensi tatu kwa kasi, kiganja kimelala juu ya kibao. Mshale ukatulia.

"Nimemwambia anyamaze wakati unaandika," fundi alisema. "Ila hii ni ya muda. Ukiizima kompyuta kabisa, itasahau. Ili iwe ya kudumu lazima niiandike kwenye faili, na leo foleni unaiona. Wewe usiizime, funga kifuniko tu. Ukipita tena nitamalizia."

Ya muda, ya kudumu. Nakuomba msomaji uyashike maneno hayo, maana wenyewe waliyaachia.

Basi alipita tena. Akapita na wiki iliyofuata. Mara ya tatu hakuja hata na kompyuta, alikuja na soda mbili. Fundi alimwita Bi Nukta, yeye akamwita Dreva, na lile faili likasahaulika kama mwavuli siku ya jua. Nani akumbuke faili wakati mtu anakungoja na gauni lililopigwa pasi?

"Bi Nukta, umekula?" fundi alizoea kuuliza kwa simu.

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakungoja wewe unikaribishe."

"Jikaribishe mwenyewe, Dreva. Nina kurasa kumi za dawa ya kikohozi."

"Basi nasikia kifua kinabana."

"Kunywa maji, mpenzi. Kwaheri."

Na dakika tano baadaye mfasiri mwenyewe alikuwa akimpigia, eti amesahau kumwambia kitu.

Mwezi wa nane wa kujuana kwao, mama yake mfasiri akapiga simu. Mama huyo hazungushi maneno.

"Mwanangu, huyo fundi wako ni wa muda au wa kudumu?"

"Mama jamani!"

"Nauliza tu. Miezi minane anatengeneza kompyuta moja."

Mfasiri alicheka, ila alipokata simu kicheko kilimkauka. Alimpenda yule mtu. Alimpenda hadi akaogopa kumuuliza.

Kabla mwezi haujaisha, fundi akapata nafasi: kusimamia kompyuta zote za hospitali moja katika mji wa mbali, mkataba wa miaka mitatu. Alimweleza pale kibandani, akigeuzageuza bisibisi.

"Wanataka jibu Alhamisi. Nikikubali, naondoka Jumatatu."

"Wewe unataka nini?"

"Nataka kusikia wewe unataka nini."

Loo, watu wazima hawa! Fundi alitaka kusikia "kaa". Mfasiri alitaka kusikia "nataka nikuoe". Kila mmoja akamwachia mwenzake mlango afungue.

"Nikisema kwa mdomo nitatania," mfasiri alisema mwishowe. "Nitakuandikia."

Jumatano umeme ulikatika tangu asubuhi. Betri ikaisha, laptopu ikazimika kabisa, mara ya kwanza tangu siku ya bango. Alasiri umeme uliporudi, mfasiri akaketi mezani, akapiga moyo konde, akaandika barua pepe:

"Dreva wangu, nimechoka kuficha. Sitaki uende huko. Nataka ubaki hapa nami. Huo ndio ukweli wangu. Bi Nukta."

Aliandika kwa kasi kama anayekimbizwa. Kiganja kikapapasa kibao, kidole gumba kikagonga kitufe cha nafasi. Mwanamke huyu husoma karatasi ya dawa mara tatu kabla ya kuikabidhi, lakini barua yake mwenyewe aliionea haya. Akageuza uso, akabonyeza "Tuma", akafunga kifuniko.

Fundi aliisoma amesimama. Kisha akaketi, akaisoma tena.

"Dreva wangu, nimechoka kuficha. Sitaki   ubaki hapa nami. Huo ndio ukweli wangu. Bi Nukta."

Hakupiga simu. Ungekuwa wewe ungepiga? Ukweli ulikuwa umeandikwa na mtu asiyekosea hata mkato. Aliumia, jamani, aliumia vibaya. Jioni hiyo alimtumia ujumbe mfupi wa simu: "Nimekuelewa. Asante kwa kuwa mkweli. Jumatatu naondoka."

Naye mfasiri alipousoma alijiona mjinga mbele ya dunia nzima. Kumbe mtu anaweza kufunguliwa moyo wote, akasema asante, akakata tiketi! Akalia, akanawa uso, akarudi kwenye karatasi zake. Na karatasi zikakataa. Herufi zilipanda juu, sentensi zikayeyuka. Alhamisi akastahimili, Ijumaa akastahimili. Jumamosi asubuhi karatasi ya dawa ya watoto ilikuwa inadaiwa, na kompyuta ile ilikuwa na fundi mmoja tu duniani.

Akavaa lile gauni la kijani. Alijiambia ni kwa sababu mengine hayajafuliwa.

Kibandani alimkuta fundi anapanga bisibisi kwenye boksi. Bango lilikuwa limeshushwa, limeegemezwa ukutani.

"Nimekuja kama mteja," mfasiri alisema.

"Karibu, dada."

Lile "dada" lilimchoma. Akaweka kompyuta mezani.

"Mshale umerudia wazimu wake."

"Tangu lini?"

"Jumatano. Umeme ulikatika, betri ikaisha, ikazimika."

Mkono wa fundi ukasimama hewani. "Ilizimika kabisa?"

"Kabisa. Kwa nini?"

"Ile amri. Sikuiandika kwenye faili." Akajipiga paji la uso. "Miezi minane unakuja hapa, sikuiandika! Haya, andika nione."

"Niandike nini?"

"Chochote."

Mfasiri akaandika: "Mpe mtoto kijiko kimoja. Usizidishe." Kiganja kikagusa kibao, maneno yakajichagua yenyewe, na kidole chake kilipogonga kitufe cha nafasi yakatoweka. Pakabaki "Mpe mtoto", kisha pengo, kisha "Usizidishe."

Fundi alilitazama lile pengo. Alilitazama muda mrefu hadi mfasiri akakunja uso.

"Kulikoni?"

"Bi Nukta, kati ya neno na neno wewe huwa unaweka nafasi ngapi?"

"Moja. Swali gani hilo?"

Akatoa simu mfukoni, akaifungua, akampa. "Hapa ziko tatu."

Mfasiri akavaa miwani. Akasoma. Akairudia.

"Hii siyo barua yangu."

"Imetoka kwako."

"Imetoka kwangu, lakini siyo niliyoandika! Niliandika 'Sitaki uende huko.' Nukta. 'Nataka ubaki hapa nami.' Dreva, niliweka nukta!" Akaigonga skrini kwa kidole. "Ulidhani nimekufukuza?"

"Na wewe ulidhani nimeombwa nibaki, nikakataa?"

"Ndiyo!"

"Siku tatu zote?"

"Siku tatu zote. Nimelia hadi mama akaniuliza kama nina mafua."

Fundi akaketi juu ya boksi la bisibisi. Akaanza kucheka, na macho yakamlowa. "Mganga hajigangi, wallahi. Nimewatengenezea watu kompyuta mji mzima, na yangu ya moyoni nimeifunga kwa uzi."

Kisha akainuka, akampigia simu mkuu wa ile hospitali pale pale, mfasiri akisikia.

"Mheshimiwa, shikamoo. Samahani sana, najua nilishakubali. Sitaweza kuja. Hapana, siyo mshahara. Nimepata nafasi nyingine hapa hapa." Akasikiliza. "Bado sijajibiwa, mheshimiwa. Ndiyo naomba sasa hivi."

Akaiweka simu mezani. Akaivuta laptopu, akafungua faili, akaandika ule mstari aliouahirisha miezi minane. Akahifadhi. Akaizima kompyuta kabisa, wakangoja bega kwa bega, jengo zima likipiga kelele nje. Akaiwasha.

"Sasa hata umeme ukikatika, itakumbuka," alisema.

"Na wewe?"

"Mama yako aliuliza kama mimi ni wa muda au wa kudumu."

Mfasiri akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe, alinipigia baada ya kukupigia wewe. Nikaogopa, nikamwambia nitampa jibu." Akafungua ukurasa mtupu, akaandika kwa vidole viwili, polepole, nafasi moja kati ya neno na neno: "Bi Nukta, naomba unioe". Akafuta, maana alijigeuza bibi harusi. Akaanza upya: "Naomba nikuoe". Akamsogezea.

Mfasiri alisoma mara tatu. Hakuona haya safari hii.

"Umesahau alama ya mwisho," alisema.

"Nimekuachia wewe."

Akalaza kiganja chote juu ya kibao cha kugusa, makusudi, akakikandamiza. Akaandika "Ndiyo". Mshale haukusogea. Akaweka nukta.